Chumba Kilichorefuka

Kazi yangu mie, kwa miaka mingi hapa Tandale, ilikuwa kuosha maiti za kike. Sikuisomea. Shule niliishia darasa la tatu, na kuosha nilifundishwa na mama mkwe wangu. Alinisimamisha kichwani pa marehemu nikiwa bado bibi harusi, akaniambia nishike shuka la stara na nisitetemeke. Majina ya wote niliowaosha ninayo kichwani, kutoka wa kwanza mpaka jirani yangu wa juzi. Nikiwa nachambua mchele naweza kuyataja bila kuruka hata moja. Lakini humu sitataja jina la mtu, aliye hai wala aliyefariki, kwa sababu ninayotaka kuyasema yanamhusu mwanangu wa kwanza, na jina lake nilimpa mie mwenyewe.

Ukiosha maiti miaka mingi, vyumba unaanza kuvitazama kwa namna yako. Mwenzio akiingia chumba kigeni anatazama dirisha, anatazama dari, anasema kuna upepo. Mie natazama kitanda kitakaa wapi ili wanawake wapite pande zote mbili. Nimeshaosha kwenye vyumba ambavyo kitanda kimeshikana na ukuta. Kumgeuza marehemu inakuwa mvutano, maji yanamwagika ovyo, anayeshika shuka mkono unakufa ganzi, na marehemu mwenyewe anafedheheka mbele ya watu waliompenda. Mapema kabisa nikajiwekea nia: siku yangu ikifika nioshwe kwenye chumba nilichokuwa nalala, na wanawake wanizunguke vizuri. Wanangu watatu wote wanalijua hilo. Nilikuwaga nawaambia tangu wadogo, na wao walikuwaga wananitania. Mwanangu wa kwanza ndiye aliyekuwa anasema, "Mama, wenzio wanajipangia harusi, wewe unajipangia maziko."

Basi. Nyumba yangu haiko mbali na soko, na mvua kubwa zikija maji huingia mpaka ukumbini. Tunapandisha magodoro juu ya meza, tunasubiri, tunakomba tope, maisha yanaendelea. Mwanangu alichoka na habari hiyo kabla yangu. Anafanya kazi ofisini mjini, ana mke na watoto, na akapata habari za kampuni moja inayojenga nyumba kule Madale, juu kilimani ambako maji hayasimami. Alichotaka ni tuuze hii ya Tandale, naye aongezee chake, tupate nyumba moja kubwa tukae wote. Baba yao alipokuwa anaumwa aliwaambia watoto mbele yangu kwamba nyumba hii haiuzwi mpaka mama yenu atamke kuwa ameridhika. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa kinangoja neno langu.

Nikamwambia, "Mie sina ugomvi na kuhama. Nioneshe chumba changu."

Akasema, "Nyumba haijajengwa, mama. Lakini kuoneshwa utaoneshwa."

Siku ya kwanza tulikwenda watatu: yeye, mkewe na mie. Ofisi ya kampuni ile ina chumba kimoja cha giza, na ukuta wake wa mbele wote, kutoka chini hadi juu, ni skrini. Kulikuwa na msichana mmoja wa mitambo, kavaa suruali na mtandio, akaniamkia shikamoo kwa adabu, nikapenda. Akatugawia miwani nyeusi. Akatuambia ukutani kuna picha mbili kwa pamoja, moja ya jicho la kulia na moja ya jicho la kushoto, na miwani ndiyo inayozitenganisha. Bila miwani niliona ukungu tu, mistari imepandana. Nilipoivaa, ukuta ukaondoka. Sijui niseme vipi. Pale palipokuwa na ukuta pakawa na baraza, na nyuma ya baraza mlango, na mlango ukafunguka.

Miwani ya mwanangu haikuwa kama yetu. Ya kwake ilikuwa na vipira vidogo vya kijivu vimesimama juu yake kama pembe za konokono. Nikamuuliza mkwe wangu mbona mumeo kapewa ya namna yake. Akacheka, "Yeye ndiye dereva, mama. Sie abiria."

Mwanangu akasogea akasimama karibu kabisa na skrini. Mie akaagiza niletewe kiti. "Mama akae kule nyuma, asichoke miguu." Nikakaa nyuma kabisa karibu na mlango, kwa upande kidogo, nimewekewa na stuli ya miguu. Nikamwombea dua kimoyomoyo kwa kunijali.

Nyumba ikaanza kupita. Ukumbi, jiko, ngazi. Lakini ilikuwa na vituko vyake. Kuta zilikuwa zinaegemea upande mmoja, na mwanangu kila akigeuza shingo au akisogea hatua, nyumba nzima inasogea naye. Kichwa kikaanza kunizunguka.

"Simama basi, baba," nikamwambia. "Unanitikisia nyumba."

Mkwe wangu akacheka mpaka akakohoa. Nikasema tena, "Na huu ukuta mbona unataka kuanguka?"

"Ni macho yako, mama," mwanangu akajibu bila kugeuka. "Hospitali walishasema una mtoto wa jicho."

Kweli walisema. Nikajilaumu mwenyewe kwa kutoa kasoro nyumba ya watu na macho yangu haya.

Kisha tukafika kwenye chumba changu, chini, jirani na jiko. Kilikuwa kitupu, hakuna hata kiti. Mie niliona chumba kirefu. Kilianza pale mlangoni kikaenda, kikaenda, dirisha lake liko mbali kama dirisha la msikiti. Niliinuka kutoka kwenye kile kiti. Nikaanza kusema kwa sauti, siwezi kukana, nilifurahi kama mtoto. Nikasema kitanda kitakaa pale katikati. Upande huu watasimama wanawake wawili, na upande ule wawili, na hapa miguuni patabaki pa kuweka ndoo na ubani. Hata anayelia akitaka kukaa chini atapata pa kukaa.

Nikamuuliza mwanangu, "Ni kikubwa hivi hivi, baba?"

Akasema, "Si unaona mwenyewe, mama."

Maneno hayo nimeyashika neno kwa neno.

Nikarudi Tandale nikamwita mwenzangu wa kuosha, ambaye tumeshirikiana ndoo moja tangu nywele zetu nyeusi, nikamwambia siku yangu atapata pa kusimama bila kubanwa. Akanitazama. "Madale? Kule kilimani ndoo ananipandishia nani? Na mie na magoti haya, wewe utaoshwa na wageni, shoga yangu, utaona aibu peke yako." Tukacheka sana. Kisha nikawapigia simu binti zangu, yule wa Kinyerezi na yule mdogo wa Temeke, nikawaambia mama yenu karidhika. Wote wawili walisema alhamdulillahi, na yule mdogo akakata simu upesi, nikadhani salio limemwishia.

Mara ya pili tulikwenda kuchagua vigae na milango. Mkwe wangu hakuja, alimpeleka mtoto kliniki. Tumefika tu, simu ya mwanangu ikaita, akatoka nje kuizungumza, na ilikuwa simu ndefu. Tukabaki mie na yule msichana wa mitambo. Nikaona niulize lililokuwa linanikera.

"Mwanangu, ile nyumba mmeshainyoosha? Siku ile ilikuwa imeinama."

Akashangaa. "Imeinama wapi, bibi?"

Nikamweleza kuta zilivyoegemea. Akatabasamu, akanionesha juu kwenye pembe za chumba, kuna kamera ndogondogo. Akasema zile kamera zinaviangalia vile vipira vya kijivu. Anayevaa miwani ya vipira, kamera zinajua kichwa chake kiko wapi, na kompyuta inachora nyumba kwa macho yake, kila anaposogea inachora upya. Wengine wote wanaona picha ya mwenzao.

"Sasa siku ile braza alisimama hapa, karibu na skrini," akasema, akasimama alipokuwa amesimama mwanangu. "Wewe ulikaa kule. Ukikaa pembeni ya mwenye miwani, nyumba inaegemea. Ukikaa nyuma yake, vyumba vinarefuka."

"Vinarefuka?"

"Ee, bibi. Sana tu. Ngoja nikuvalishe uone."

Akanipima kwanza kwa rula, kutoka jicho hadi jicho, akaandika kwenye kompyuta, akasema macho ya watu hayakai umbali mmoja na picha lazima ilijue hilo. Akanivalisha ile yenye vipira, akaifunga kwa mkanda nyuma ya kilemba changu. Akawasha. Nyumba ikashuka kidogo, ikatulia kwenye kimo changu mie na mgongo wangu uliopinda. Kuta zikasimama wima. Nikasogeza kichwa, hakuna kilichotikisika. Nikachungulia nyuma ya mlango, nikaona nyuma ya mlango. Macho yangu hayakuwa na kosa lolote. Hilo la mtoto wa jicho lilikuwa la kweli, lakini siku ile halikuhusika.

Nikasema, "Nipeleke chumbani kwangu."

Akanipeleka. Ukuta wa mbele ukaja ukasimama karibu yangu. Dirisha lile la mbali lilikuwa hapo, naweza kulifungua kwa kunyoosha mkono. Nikadhani ametupeleka stoo. Nikamwambia sicho, mie naomba cha kwangu, kile kirefu.

"Ndicho, bibi. Jirani na jiko ni hiki kimoja tu."

"Niwekee kitanda."

"Cha ngapi?"

"Nne kwa sita. Kama changu."

Akabonyeza. Kitanda kikaingia, na chumba kikaisha. Upande mmoja kilishikana na ukuta kabisa. Upande wa pili kilibaki kijia cha kupita mtu mmoja, tena akiwa amejikunja. Nikainama kutafuta huku nyuma ya kitanda, labda kuna nafasi siioni. Picha ikainama pamoja nami, ikanionesha kwa uaminifu wote: ubavu wa kitanda, kisha ukuta.

Yule msichana akauliza kama kizunguzungu kimenishika. Nikamwambia hapana. Nikamuuliza, "Mwanangu anayajua haya uliyonieleza? Ya vyumba kurefuka?"

Akajibu bila kufikiri, maana kwake halikuwa jambo. "Anajua, bibi. Walipokuja mara ya kwanza na shemeji, kabla yako, walikuwa wanabadilishana miwani. Shemeji akaenda kukaa kule nyuma kwenye kile kiti, akawa anacheka anasema jiko limekuwa ukumbi wa harusi. Braza naye akajaribu." Kisha akaniona usoni. "Bibi, nimesema vibaya?"

"Hujasema vibaya, mama. Nivue."

Nje kulikuwa na benchi la mbao chini ya mabati. Mwanangu alikuwa amemaliza simu, anakuja. Nikamwambia akae. Akakaa.

"Nimeivaa ile ya vipira," nikasema.

Hakuuliza ipi. Alitazama viatu vyake.

"Siku ile nilipokuwa nasema wanawake watasimama huku na huku, wewe ulikuwa unaona nini?"

"Mama, tusifanye jambo dogo likawa kubwa."

"Nakuuliza ulikuwa unaona nini."

"Nilikuwa naona chumba."

"Kipi? Changu au chako?"

Akavuta pumzi. "Kilivyo. Niliona kilivyo."

"Na ukasema si naona mwenyewe."

"Ulikuwa umefurahi, mama. Ningekuvunja moyo pale mbele ya watu? Na halafu, mama, siku hizi nani anaoshewa chumbani? Msikiti wa kule una sehemu yake, ina vigae, ina bomba, ina kila kitu. Watu wanakwenda huko."

Hilo la msikiti ni kweli. Mie mwenyewe nimeshaosha kwenye sehemu za namna hiyo, na ni pazuri, maji yanapita vizuri, mgongo hauumi. Angenieleza mapema, nyumbani, tumekaa mkekani, kwamba mama, uwezo wangu umeishia kwenye chumba kidogo, siku yako tutakupeleka msikitini, mie ningelia kidogo na ningekwenda. Ningelala kwenye kile kijichumba na ningewashukuru. Nikamwambia hivyo hivyo.

Akanijibu, "Sasa si ndiyo vizuri? Twende tukachague vigae."

"Yule aliyekuwa tayari kwenda ni yule ambaye angeambiwa," nikasema. "Mie sikuambiwa."

"Kwa hiyo unanikomoa."

"Kile kiti," nikamuuliza. "Kule nyuma. Uliniweka ili nisichoke, au uliniweka ili kirefuke?"

Hapo ndipo alipoinua macho. Angesema nisichoke, ningemwamini. Mpaka leo naamini ningemwamini. Alisema, "Mama, twende nyumbani."

Wiki ile nikaita kikao. Wanangu wote watatu wakaja Tandale, wakakaa ukumbini kwangu, mkwe wangu naye kwenye kiti cha pembeni. Nikawaambia neno nililolitoa nimelirudisha, sijaridhika, nyumba haiuzwi. Binti yangu wa Kinyerezi ndiye aliyeanza.

"Mama, kisa chumba?"

"Chumba gani?" nikamuuliza. "Mie sijataja chumba."

Nikamtazama. Akajaribu kumtazama mdogo wake, na mdogo wake akawa anavuta uzi kwenye pindo la kanga.

"Ulijuaje habari ya chumba?"

"Kaka alituambia," akasema yule mdogo, taratibu. "Alisema ni kidogo, na tusikwambie mpaka utakapokuwa umeshahamia. Alisema ukishazoea hutojali. Mama, sie tulitaka utoke kwenye maji."

"Wote mlijua?"

"Tulijua."

Nikakumbuka simu iliyokatwa upesi, na kumbe salio lilikuwepo. Nilikuwa nimewazaa wale watatu kwenye chumba cha pili kutoka pale tulipokaa. Nawajua vikohozi vyao. Na siku ile walikuwa upande mmoja, mie upande wangu, wamekubaliana juu yangu kama watu wanavyokubaliana juu ya mtoto mgonjwa, dawa gani ichanganywe na uji.

Mkwe wangu ndiye aliyesema la kweli kuliko wote, na alilisema kwa hasira. "Mama, mwanao kakosea, sawa. Lakini mvua zikija tena, ukilala kwenye maji, atakayelaumiwa ni nani? Si sie?"

"Mtalaumiwa," nikamwambia. "Nitawatetea nikiwa hai."

Kikao kikaisha. Mwanangu alipoinuka aliniaga kama kawaida, akainama akanibusu mkono. Miezi michache baadaye wakahamia Madale hivyo hivyo, nyumba ya kupanga. Sijaenda. Wameniita, na nimesema nitakwenda.

Kuja anakuja. Simwiti mtoto mbaya, na mtu asimwite hivyo mbele yangu. Analeta samaki, analeta dawa za presha, akiona bomba linavuja anatafuta fundi siku hiyo hiyo. Ananiamkia, namwitikia marahaba, anakaa, tunazungumza habari za watoto. Kuna mahali kwenye mazungumzo zamani nilikuwaga napita tu bila kuangalia ninapokanyaga. Sasa nasimama. Akiniambia barabara ya Madale imekatika ndiyo maana hakuja Ijumaa, naitikia, pole baba, kisha akiondoka namuuliza muuza mkaa ambaye gari lake hupita kule kama barabara kweli imekatika. Mara nyingi imekatika kweli. Hainisaidii.

Jumapili iliyopita alinikuta nimejilaza. Akaniambia mkewe anaumwa, malaria, kalala tangu juzi, ndiyo maana hakuja naye. Nikampa pole, nikampa na ndimu za kumpelekea. Nikamsindikiza mpaka mlangoni, nikamwombea njia njema. Nikarudi ndani, nikakaa kitandani, nikampigia binti yangu wa Kinyerezi kumuuliza wifi yake anaendeleaje. Akasema anaumwa kweli, mama, malaria, tangu juzi.

Nikamshukuru. Nikakata simu, nikabaki nimeishika, nikiwaza ni nani mwingine wa kumuuliza.